Fender Deluxe Reverb inakwaruza na nguvu imepungua: nibadilishe valvu zote tisa?

Solo_Tanga

Wakuu habari za leo. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Ampu ni Fender '65 Deluxe Reverb, zile zinazotengenezwa sasa kwa kufuata ramani ya miaka ya 1960, toleo la volti 230. Inatumika kwa rumba na kwaya, kwa hiyo tunachotaka ni sauti safi, siyo ya kupasuka. Imenunuliwa mkono wa pili na umri wa valvu zilizomo (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) haujulikani.

Dalili ni hizi. Ikishapata moto, kama dakika 20 hivi, inaanza kukwaruza hata nyuzi zisipoguswa. Nguvu imeshuka: volyumu 4 ilikuwa inatosha ukumbi, sasa lazima ifike 6, na hapo besi inalegea. Mvumo nao umeongezeka. Tena nikiangalia nyuma gizani, valvu moja kati ya zile mbili kubwa ina mwanga wa buluu kwenye kioo.

Nimeambiwa niagize seti nzima, zote tisa, nibadilishe kwa mkupuo. Ukijumlisha usafiri na ushuru ni pesa nzito. Je, inawezekana zote zimekufa kwa pamoja? Na nikibadilisha, kuna kitu cha kurekebisha ndani?

---

FundiKioo

Mkuu, usiagize seti. Valvu hazifi kwa kundi, na dalili zako zinaonyesha matatizo mawili tofauti: mkwaruzo ni jambo moja, nguvu na mvumo ni jingine. Ukibadilisha zote tisa kwa mara moja hutajua kilichokuwa kibovu, na kama ubovu uko kwenye rezista au maungio ya lehemu, utabaki na mkwaruzo uleule.

Kwanza zijue valvu zako. Ukiwa nyuma ya ampu, anza kuhesabu kutoka kulia, upande wa matundu ya gitaa:

V1 ni 12AX7 ya chaneli ya Normal. V2 ni 12AX7 ya chaneli ya Vibrato. V3 ni 12AT7 inayosukuma springi za riverbu (mwangwi). V4 ni 12AX7. Nusu yake inapokea sauti ya riverbu, nusu nyingine inakuza chaneli ya Vibrato. V5 ni 12AX7 ya tremolo (sauti kupanda na kushuka kwa mawimbi). V6 ni 12AT7 inayogawa sauti pande mbili kwa ajili ya valvu za nguvu. Kisha V7 na V8 ni 6V6 mbili, na mwisho V9 ni GZ34 inayogeuza umeme wa AC kuwa DC.

Kwenye maboksi utakuta majina mengine: 12AX7 ndiyo ECC83, 12AT7 ndiyo ECC81, na GZ34 ndiyo 5AR4. Ni vitu vilevile.

Sasa kuwinda mkwaruzo. Hutafungua chasisi, ila spika iwe imeunganishwa muda wote. Acha ampu iwake mpaka ianze kukwaruza, bila gitaa, kisha fuata mkondo:

1. Teremsha volyumu za chaneli zote mbili hadi sifuri, na riverbu sifuri. Mkwaruzo ukiisha, chanzo kiko kabla ya kitufe ulichoteremsha. Ukibaki, endelea.

2. Zima, subiri dakika chache kioo kipoe, chomoa V1. Washa, usikilize. Bado? Irudishe, chomoa V2. Kisha V4, kisha V5. Moja moja, na kila mara unazima kwanza. Kuchomoa valvu ndogo hakuidhuru ampu hii.

3. Mwisho chomoa V6. Hapo hakuna sauti inayoweza kupita kutoka mbele. Kama bado inakwaruza, tatizo liko kwenye 6V6, soketi zake, au umeme. Kama imenyamaza, na kuchomoa zile nyingine hakukusaidia, basi ni V6 yenyewe au vilivyo jirani yake.

Kila ukipata soketi inayotuhumiwa, badilishana valvu na nyingine ya aina ileile. V1, V2, V4 na V5 zinabadilishana. V3 na V6 zinabadilishana. Mkwaruzo ukiifuata valvu, valvu ni mbovu. Ukibaki pale pale, valvu haina hatia: angalia soketi au rezista za pleti (bamba la ndani la valvu linalopokea mkondo). Kwa V6 rezista hizo ni ya kilo-om 82 na ya kilo-om 100. Rezista ya pleti iliyochoka inakwaruza hasa ikipata moto, sawasawa na valvu mbovu, ndiyo maana watu wengi hununua valvu bure.

Unapochomoa usiziyumbishe kwa nguvu. Kwenye toleo hili soketi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao, na ukiyumbisha sana maungio yanapasuka nyufa ndogo zisizoonekana. Nyufa hizo hufunguka ampu ikipata moto. Vuta wima, kwa mzunguko mdogo tu.

Kuhusu mwanga wa buluu: ukiwa umetanda kwenye uso wa ndani wa kioo, na unachezacheza na sauti, ni wa kawaida. Ni elektroni zinazopita pembeni na kugonga kioo. Wa kuogopa ni wa zambarau au waridi unaojaa katikati ya vyuma. Huo ni dalili ya gesi. Na doa la rangi ya fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Hiyo usiwashe hata mara moja.

---

Umeme_Pwani

Naongezea moja ambalo watu wa gitaa hulisahau: pima umeme wa ukutani kabla hujailaumu valvu yoyote.

Moto wa ndani wa valvu hizi (waya mdogo unaowaka kuipasha valvu), ukiacha GZ34, umepangwa kwa volti 6.3, na unavumilia asilimia 10 juu au chini, yaani takriban 5.7 hadi 6.9. Transfoma ya ampu haina akili, inagawanya tu kinacholetwa. Ampu yako ya 230 ikipewa 190 jioni watu wote wakiwa wamewasha vyombo vyao, moto wa valvu unashuka hadi karibu 5.2, na volti za pleti zinashuka kwa kiwango hicho hicho, kutoka 415 hadi kama 343. Matokeo ni nguvu kupungua na besi kulegea: dalili zako kabisa! Valvu mpya hazitasaidia chochote hapo.

Upande wa pili, ukutani pakiwa 255 moto unapita 6.9. Mara moja moja si neno, lakini kila siku ni kuzila valvu.

Kwa hiyo weka mita kwenye tundu la ukutani wakati ampu inapiga, siyo asubuhi wakati mtaa umelala. Kama inacheza kati ya 215 na 245, umeme wako ni mzima. Ikitoka nje ya hapo, juu au chini, pesa ya kwanza iende kwenye stebilaiza ya VA 500, ndiyo valvu zifuate.

Na kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na ampu ya Marekani ya volti 120: hiyo inatumia transfoma ya kushusha, na ichagueni yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya ampu. Umeme wa kule ni hezi 60, wetu ni 50, kwa hiyo transfoma ya ampu itapata moto zaidi kidogo hata volti zikiwa sahihi.

---

Rhythm_Msasani

Mimi naona mnamchosha ndugu yetu. Ampu ya kazi ya kila wiki, valvu zote zibadilishwe kila baada ya miaka miwili, habari imeisha. Ikizimika katikati ya onyesho hakuna atakayekuuliza ulipima nini.

---

FundiKioo

Rhythm_Msasani, hofu ya kuzimika jukwaani ni ya haki, lakini dawa yake ni akiba mfukoni. Beba 12AX7 moja, 12AT7 moja, jozi ya 6V6 na fyuzi za kiwango kilichoandikwa nyuma ya ampu. Hizo zinaokoa karibu kila hali, na kila moja utaitumia siku moja.

Hesabu ya muda nayo iko hivi. Mtu anayepiga saa 4 kwa wiki anafikisha kama saa 200 kwa mwaka. Valvu za nguvu zisizoonewa hufika saa 1,000 na zaidi, na ndogo huenda mbali mno kuliko hapo. Kubadilisha 12AX7 nzima kila miaka miwili ni kutupa kitu kizima, tena mara nyingi unaweka mpya yenye kelele kuliko ya zamani. Nyingi zinazouzwa sasa zinatoka viwanda vichache tu, JJ wa Slovakia, kiwanda cha Saratov kule Urusi na vya China, na tangu 2022 bei zimepanda. Kilicho kizima kiache kifanye kazi.

GZ34 ndiyo usiibadilishe kwa kubahatisha kabisa. Ikiwa mbovu mara nyingi inakata fyuzi au inazima ampu, haikwaruzi kistaarabu. Na asikudanganye mtu uweke 5U4 kwa sababu soketi inafanana: moto wa GZ34 unakula ampea 1.9, wa 5U4GB unakula 3. Waya wa volti 5 kwenye transfoma haukutengenezwa kwa mzigo huo. Vivyo hivyo 6L6 kwenye soketi za 6V6: inaingia vizuri, lakini moto wake unakula 0.9 badala ya 0.45. Usifanye.

---

Dada_Maltimita

Solo_Tanga, kwa upande wa nguvu na mvumo, kaka, kuna kipimo kimoja kitakachokupa jibu bila kubahatisha: pima mkondo wa kila 6V6 ampu ikiwa imetulia, bila sauti.

Njia salama ni adapta ya bayasi (bayasi ni umeme hasi unaopanga mkondo wa valvu ampu ikiwa kimya), ile soketi ndogo inayokaa kati ya valvu na soketi ya ampu na kutoa nyaya za mita. Huingizi mkono ndani. Ndani ya adapta kuna rezista ya om 1 kwenye kathodi, sehemu inayotoa elektroni (pini ya 8), kwa hiyo kila milivolti 1 unayosoma ni miliampea 1.

Volyumu zote sifuri, tremolo imezimwa, spika imeunganishwa, subiri dakika 15 hadi 20. Kisha soma zote mbili.

Kwa 6V6 za siku hizi tunahesabu wati 14 za juu kabisa kwenye pleti, na ukituliza ampu usizidi asilimia 70 yake, yaani wati 9.8. Gawanya kwa volti za pleti. Zikiwa 415 unapata miliampea 23.6. Kwa hiyo popote kati ya 19 na 23 kwa kila valvu ni pazuri, na kwa anayetaka sauti safi 20 hadi 22 inatosha sana. Kumbuka usomaji wa kathodi unachanganya na mkondo wa gridi ya skrini (wavu wa ndani ya valvu), miliampea moja au mbili hivi, kwa hiyo pleti yenyewe inapata pungufu kidogo ya unachokiona.

Ukikuta moja 22 na nyingine 14, hapo ndipo mvumo wako ulipo. Valvu hizi mbili zinavuta transfoma ya spika pande mbili zinazopingana, na mvumo unaotoka kwenye umeme unafutana katikati ikiwa mikondo ni sawa. Mmoja ukilegea, kufutana kunavunjika na mvumo unasikika, hata kama kapasita za umeme ni nzima. Nguvu nayo inashuka maana upande mmoja hausukumi.

Lakini kabla hujanunua, zibadilishane soketi upime tena. Namba ndogo ikihama na valvu, valvu imechoka. Ikibaki kwenye soketi ileile, tafuta rezista ya skrini (om 470) iliyopanda au kukatika, au pini iliyolegea. Kwa ampu zinazoishi pwani hili la pini ni la kawaida sana: chumvi ya hewa inaotesha ukungu wa kijani kwenye soketi. Dawa ya kusafishia maungio ya umeme, kidogo tu kwenye pini za valvu, chomeka na kuchomoa mara tatu nne, acha ikauke kabisa ndipo uwashe.

Jambo la hatari: ukiona bamba la ndani la 6V6 linawaka wekundu kama mkaa, zima saa hiyo hiyo. Usiweke standibai (swichi inayokata volti kubwa huku moto wa valvu ukibaki) ukaenda kutafuta ushauri. Hapo kuna mambo matatu makuu: umeme hasi wa bayasi umepotea, kapasita ya mikrofaradi 0.1 inayotoka V6 inavujisha volti, au pini ya 5 ya soketi haishiki. Ukitia valvu mpya bila kurekebisha hicho, mpya nayo itawaka wekundu na kufa ndani ya dakika chache.

---

Solo_Tanga

Asanteni sana wakuu. Nimeazima adapta na mita, majibu haya hapa.

Ukutani usiku ampu ikipiga: 228, haikushuka chini ya 221.

Mkwaruzo: ulibaki volyumu zikiwa sifuri. Kuchomoa V1, V2, V4 na V5 hakukusaidia. V6 ikitoka, kimya. Nikahamisha ya V3 kwenda V6, na ya V6 kwenda V3: ikatulia nusu saa nzima. Nikipandisha riverbu kwenye chaneli ya Vibrato ndipo mkwaruzo unarudi, nikiishusha unaondoka.

Mkondo wa 6V6: V7 ni 23.1, V8 ni 14.6. Nilipozibadilisha soketi: V7 ikawa 14.9, V8 ikawa 22.8. Volti za pleti kwa adapta hiyo hiyo: 418.

---

FundiKioo

Umejijibu, mkuu. Mkwaruzo umeifuata 12AT7: ilipokuwa V6 uliusikia muda wote, ilipohamia V3 unapita kwenye riverbu tu. Rezista za V6 ni nzima. Nunua 12AT7 moja. Wakati unaisubiri, iache ile mbovu kwenye V3 na usitumie riverbu, au kama riverbu unaihitaji, irudishe ile nzuri V3 na uweke 12AX7 kwenye V6 kwa muda. Pini ni zilezile, itafanya kazi, ila ampu itakuwa kali kidogo. Usifanye kinyume chake, 12AX7 haina mkondo wa kutosha kusukuma springi pale V3.

---

Dada_Maltimita

Na 6V6 moja imechoka, maana namba imehama nayo. Hapa lakini hununui moja, nunua jozi iliyopimwa pamoja. Muulize muuzaji aandike mkondo wa kila moja kwenye boksi; zikipishana kwa zaidi ya miliampea 2 au 3 hiyo si jozi. Ile yako ya 23 iweke kwenye begi la akiba, bado ni nzima.

Jihadhari na valvu za zamani za Kirusi zinazouzwa kwa majina ya Kimarekani. 6N2P huitwa 12AX7 na wauzaji wengine, lakini moto wake uko kwenye pini 4 na 5 tu, na pini ya 9 ni kinga. Haichomekwi kwenye ampu yako bila kubadilisha nyaya.

Jozi mpya ikiingia, bayasi lazima ipimwe upya. Valvu za aina moja zinatofautiana sana, na zile ulizonazo huenda zilikuwa zimewekewa kiwango chao. Kitufe cha bayasi kiko ndani ya chasisi, na hapa sitanii na maisha ya mtu: kapasita za umeme zinaweza kubaki na zaidi ya volti 400 hata ampu ikiwa imechomolewa ukutani. Chomoa waya, subiri, kisha unganisha rezista ya kilo-om 10 ya wati 5 au zaidi, kwa nyaya zenye vibano vilivyofunikwa, kati ya chasisi na upande chanya wa kapasita ya kwanza. Shikilia sekunde 30, pima, usiguse kitu mpaka mita isome chini ya volti 10. Usijaribu kupima moto kwenye soketi ya GZ34 kwa mazoea ya valvu nyingine. Pini yake ya 8 ndipo volti zote kubwa zinapotokea.

Marekebisho yenyewe yanafanyika ampu ikiwaka, kwa hiyo tumia bisibisi ya plastiki, mkono mmoja tu ndani, mwingine mfukoni. Kama hujawahi, mpe fundi wa redio wa zamani, wale waliokulia kwenye valvu, mwambie unataka miliampea 21 kwa kila 6V6. Kwa volti 418 hiyo ni wati 8.8, asilimia 63 hivi. Kila ukigusa kitufe volti za pleti nazo zinabadilika, kwa hiyo soma zote mbili tena kabla hujafunga. Ukishapiga kama saa 10 pima tena kwa adapta, maana valvu mpya husogea kidogo mwanzoni.

---

Umeme_Pwani

221 hadi 228 ni umeme mzuri, nimetosheka. Stebilaiza haina haraka.

---

Rhythm_Msasani

Nimeelewa. Valvu tatu badala ya tisa, sina ubishi. Swali langu tu: standibai, inasaidia valvu au haisaidii? Kila mtu ana lake.

---

FundiKioo

Kwenye Deluxe Reverb GZ34 yenyewe inapanda polepole, kwa hiyo volti kubwa haziwafikii wenzake kabla hawajapata moto. Washa, subiri nusu dakika ukitaka, piga. Usichopaswa kufanya ni kuiacha standibai saa nzima wakati wa mahubiri: moto unawaka, mkondo haupiti, na hali hiyo inachosha kathodi. Mapumziko yakizidi dakika 20, zima kabisa.

---

Solo_Tanga

Nimeagiza 12AT7 moja na jozi ya 6V6, boksi zimeandikwa 27 na 28. Adapta nimeomba nikae nayo mpaka zifike.

---

Dada_Maltimita

Hizo 27 na 28 ni za mashine ya muuzaji, siyo za ampu yako. Zinakuambia tu kwamba ni jozi. Mara ya kwanza ukiwasha, kaa macho kwenye mabamba dakika 5 za mwanzo, taa ya chumba ikiwa imezimwa, na adapta iwe tayari imechomekwa. Ikisoma zaidi ya 25 usiendelee kupiga, mwite fundi ashushe kwanza.